Nimepewa ruhusa zote, mbona nakataliwa?

Safu ya Dada Fundi: maswali yenu kuhusu kompyuta na mitandao

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinahusu folda ya pamoja ofisini: nani aione, nani aiguse, na kwa nini kompyuta inamkatalia mtu ambaye bosi mwenyewe ameshamruhusu. Nimechagua sita. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana ukiielewa hiyo, nusu ya nyingine zimeshajibika.

*

Dada Fundi, salamu kutoka Busia. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha. Hati zote za mizigo ziko kwenye folda moja ndani ya kompyuta ya bosi, na sisi makarani watatu tunaifungua kupitia mtandao. Bosi aliniongeza kwa jina langu akatia alama kwenye ruhusa zote, nami nikiwa nimesimama pale naona. Lakini nikifungua hati kutoka mezani kwangu naisoma tu. Nikitaka kuihifadhi, naambiwa sina ruhusa. Cha ajabu, nikienda kuketi kwenye kompyuta yake nikaingia kwa jina langu, hati ileile inakubali. Bosi sasa anasema kompyuta yangu ina virusi, anataka ifutwe yote. Nisaidie kabla hajaifuta. (Karani, Busia)

Ndugu yangu, mwambie bosi aiache kompyuta yako. Haina kosa, na wewe huna kosa.

Kwa kuwa unakaa Busia, nitakueleza kwa mambo ya mpakani. Lori linalotoka Mombasa kuja Kampala linapita mikononi mwa maofisa wa nchi mbili. Siku hizi wanakaa pamoja chini ya paa moja, lakini kila mmoja anafuata sheria za kwao. Wa Kenya akiruhusu magunia yote, na wa Uganda akazuia nusu, kitakachofika Kampala ni nusu. Wa Uganda akiwa mkarimu namna gani, hawezi kukupa gunia lililozuiwa upande wa pili. Kinachopita ni kile walichokikubali wote wawili.

Folda ya pamoja kwenye Windows nayo ina maofisa wawili. Wa kwanza ni ruhusa za kushirikisha, zinazokaa kwenye kichupo kilichoandikwa Sharing. Huyu humkagua mtu anayekuja kwa njia ya mtandao tu, na ana ngazi tatu basi: kusoma, kubadilisha, na ruhusa kamili. Wa pili ni ruhusa za faili zenyewe, kwenye kichupo cha Security. Hizo zimeandikwa ndani ya diski, kwa mfumo wa NTFS uliokuja na Windows NT mwaka 1993. Huyu wa pili ana ngazi nyingi zaidi na humkagua kila mtu, awe ametoka mtandaoni au ameketi mbele ya kompyuta hiyohiyo.

Bosi wako alikwenda kwa afisa wa pili akakutilia alama zote. Afisa wa kwanza hakuguswa. Tangu enzi za Windows Server 2003, ukishirikisha folda kwa njia ya Advanced Sharing, Windows huandika jina moja tu pale kwenye geti la mtandao: Everyone, yaani watu wote, na ruhusa ya kusoma peke yake. Kwa hiyo unapokuja kutoka mezani kwako, wa kwanza anasema "asome", wa pili anasema "afanye chochote", na wanapokubaliana ni kwenye kusoma. Ukiketi kwenye kompyuta ya bosi, hujapita mtandaoni, afisa wa kwanza hakuoni kabisa, unakutana na yule mkarimu tu. Ndiyo maana hati inakubali.

Mfanye bosi abofye folda kwa kitufe cha kulia, aende Properties, kisha Sharing, kisha Advanced Sharing, kisha Permissions. Aondoe Everyone. Aweke kikundi cha makarani watatu na akipe ngazi ya kati, ile ya kubadilisha. Kama hajaunda kikundi, aunde leo, hata kama mko watatu tu. Karani wa nne akija mwakani, ataingizwa kwenye kikundi na kazi imekwisha. Mmoja akiondoka, anatolewa mahali pamoja, si kwenye folda kumi na mbili.

Kwa nini ngazi ya kati, isiwe ruhusa kamili? Kwa sababu ruhusa kamili ina kitu cha ziada ambacho karani hakihitaji, hasa kubadilisha orodha ya ruhusa yenyewe. Anayeunda faili huhesabiwa kuwa ndiye mwenye faili, na mwenye faili kwa kawaida anaweza kuamua nani aiguse. Nimeona ofisi ambamo karani, kwa nia njema kabisa, aliifunga hesabu ya mwezi ili isiharibiwe, akaenda likizo, na mwezi mzima hakuna aliyeweza kuifungua. Geti la mtandao likiwa kwenye ngazi ya kubadilisha, mtu anayekuja kwa mtandao ataandika, atafuta na kuunda, lakini orodha ya ruhusa hataigusa.

Na jambo moja linalowachanganya wengi: vikundi. Ukiwa kwenye vikundi viwili, kimoja kinasoma na kingine kinabadilisha, afisa mmoja hukujumlishia vyote viwili, unapata kubadilisha. Kujumlisha kunafanyika ndani ya afisa mmoja. Mkivuka kwenda kwa afisa mwingine, hesabu inageuka kuwa ya kupunguza. Ukilishika hilo, hutababaika tena.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri. Kuna mtu atakuja hapo ofisini aseme, "Haya yote ya nini? Wekeni Everyone, ruhusa kamili, pande zote mbili, mfanye kazi." Na kweli, tatizo lako litakwisha dakika hiyohiyo. Mimi nilifanya kazi Nasser Road, Kampala, kwenye duka moja la uchapaji, tukiwa watu tisa na folda moja, na wote tisa tulikuwa na kila kitu. Ilikuwa msimu wa uchaguzi, mashine hazilali. Asubuhi moja mteja akaja kuchukua mabango yake. Picha ilikuwa yake, jina chini ya picha lilikuwa la mgombea wa kata jirani. Mtu alikuwa amehifadhi faili moja juu ya nyingine usiku. Kijana aliyeonekana wa mwisho kwenye kompyuta alifukuzwa siku ileile bila mshahara wake. Alikuwa anamsomesha mdogo wake. Mpaka leo sijui kama ni yeye, na hakuna anayejua, kwa sababu yeyote kati yetu tisa angeweza kufanya vile, mimi nikiwemo. Nilisimama pale na sikuwa na neno la kumtetea. Tangu hapo, nikikuta folda iliyo wazi kwa wote siondoki ofisini mpaka nimeirekebisha, hata kama nimeitiwa printa.

*

Sisi pia tuko Nasser Road. Tuna diski ya nje ya terabaiti 2 tunayoitumia kwenye kompyuta za Windows na ile ya Mac ya mchoraji. Tumeishirikisha mtandaoni. Nikibofya folda iliyo ndani yake, kichupo cha Security hakionekani kabisa. Je, Windows yangu imeharibika? (Mchapaji, Kampala)

Windows yako ni nzima. Diski yenu imeandaliwa kwa exFAT au FAT32, na mifumo hiyo haina mahali pa kuandika nani mwenye faili wala nani aruhusiwe. Afisa wa pili hayupo hapo, kiti chake kitupu. Mnalindwa na geti la mtandao tu, na mtu akiichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta yake, hakuna wa kumuuliza.

Kama ni FAT32 mtakuwa mmeliona jingine: haikubali faili moja inayofika gigabaiti 4, na kwa kazi za mabango makubwa hilo linaumiza. FAT32 unaweza kuigeuza kuwa NTFS kwa amri ya convert bila kufuta kilichomo, ila kwanza weka nakala mahali pengine. exFAT haigeuzwi hivyo. Itabidi uhamishe kazi zote, uiandae upya kwa NTFS, uzirudishe. Mac itaisoma NTFS lakini yenyewe haiandiki humo, kwa hiyo diski iacheni imechomekwa kwenye kompyuta ya Windows, na mchoraji aifikie kwa mtandao. Akipita mtandaoni, Mac yake haijali diski imeandaliwaje.

*

Asalaam aleikum, dada. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari, Arua. Seva yetu ina folda ya Walimu na folda ya Mitihani. Nilitaka walimu waone majina ya mitihani ili wajue ipi imekwisha kuletwa, lakini wasiifungue. Kwanza nilikichukua kikundi cha Walimu nikakitilia alama ya Deny kwenye kila kitu. Nikajifungia nje mimi mwenyewe, ingawa jina langu lilikuwa na ruhusa kamili. Nikaiondoa, nikapanga upya vizuri, nikajaribu kwa jina la mwalimu mwingine, ikakataa kama nilivyotaka. Lakini wiki iliyofuata mtihani wa hisabati wa S.3 ukafunguliwa na mwalimu ambaye hakutakiwa kuuona. Aliniambia mwenyewe, ni mtu mwaminifu. Mitihani mingine iliyomo humohumo haifunguki. Nimekosea wapi? (Mwalimu, Arua)

Wa aleikum salaam, mwalimu. Na huyo mwenzako aliyekuja kukuambia, mshukuru kwa niaba yangu.

Tuanze na Deny. Ruhusa zote nilizosema zinajumlishwa, lakini katazo halijumlishwi, linashinda. Wewe pia ni mwalimu, umo ndani ya kikundi cha Walimu, kwa hiyo ulipowakataza wao ulijikataza. Jina lako kuwa na ruhusa kamili hakukukuokoa. Iko hali moja tu ya kawaida ambapo ruhusa hulishinda katazo: pale katazo limerithiwa kutoka folda ya juu, na ruhusa imeandikwa moja kwa moja kwenye folda au faili yenyewe. Kilicho karibu kinasomwa kwanza. Hebu fikiria mtu anayekuja baada yako anajaribu kukisoma kitendawili hicho saa kumi na moja jioni. Mimi katika kazi zangu zote Deny nimeitumia mara chache sana, na kila mara niliandika kwenye daftari kwa nini. Huna haja nayo. Windows humkatalia kila ambaye jina lake au kikundi chake hakimo kwenye orodha. Ukitaka mtu asiingie, mwondoe tu.

Sasa mtihani wa hisabati. Nina swali moja, na jibu lake nadhani ninalijua: mtihani ule uliuandika ndani ya folda ya Walimu, kisha ukauhamisha, sivyo? Uliubofya, ukaukata, ukaubandika Mitihani. Na ile mingine uliinakili kutoka kwenye flashi za walimu.

Ukinakili faili, Windows inaunda faili mpya kwenye folda unayoipeleka, na mtoto mpya hurithi ruhusa za nyumba aliyozaliwa. Ukihamisha faili ndani ya diski ileile, hakuna kinachozaliwa. Faili imekaa palepale kwenye diski, kilichobadilika ni anwani yake tu. Kwa hiyo inaweza kuja na ruhusa zake za zamani, na ruhusa za zamani zilisema Walimu wasome. Umemhamisha mtu nyumba na ufunguo wa wale wote waliokuwa wakimtembelea. Ukihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine hali ni tofauti, kwa sababu kwa kweli hapo Windows inanakili na kufuta, ingawa wewe umebonyeza hamisha.

Kurekebisha leo: nenda folda ya Mitihani, Security, kisha Advanced, na utie alama pale chini panaposema ruhusa za watoto wote zibadilishwe ziwe kama za folda hii. Hilo litapita kwenye kila faili na kuifuta historia yake. Kuanzia kesho, waambie wanaoleta mitihani wainakili, wahakikishe imefika, ndipo wafute ya kwanza.

Kuhusu kuona majina, nakushauri uache. Jina la faili peke yake linasema mengi, "S4 Fizikia marudio ya pili" limeshamwambia mtu kwamba kuna marudio. Windows Server ina mpangilio unaoitwa access-based enumeration. Ukiuwasha kwenye folda ya pamoja, kila mtu anaona kile tu anachoweza kukisoma, na kisichomhusu hakionekani kabisa. Orodha ya mitihani iliyokwisha kuletwa ibandike kwenye ukuta wa chumba cha walimu, kwa kalamu.

Na folda ya Mitihani isiwe ndani ya folda ya Walimu. Iweke kando yake. Mnanunua usingizi wenu kwa mabofyo mawili tu.

*

Nesi kutoka Mbale anauliza: Fundi wetu ameniingiza kwenye kikundi cha wanaoruhusiwa kuona folda ya wagonjwa wa kliniki ya akina mama. Nimefunga folda nikafungua mara ishirini, bado nakataliwa. Fundi ameapa kwamba nimo.

Umo, dada, na fundi hakudanganyi. Unapoingia kwenye kompyuta asubuhi kwa nenosiri lako, unachapiwa kitambulisho cha siku hiyo chenye orodha ya vikundi vyako. Kitambulisho hicho hakibadiliki katikati ya siku. Fundi amekuingiza mchana, lakini unatembea na cha asubuhi. Toka kabisa kwa jina lako, siyo kufunga folda wala kufunga kifuniko cha laptopu, kisha ingia tena. Ukitaka kuhakikisha, fungua dirisha la amri uandike whoami /groups, utaona kikundi kipya kwenye orodha.

Jambo hilo lina upande wa pili ambao mwambie fundi asiusahau. Mtu mliyemwondoa kwenye kikundi mchana anaweza kuendelea kuingia mpaka atoke na kuingia tena. Kwa kumbukumbu za wagonjwa hilo si dogo, na Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mfanyakazi akiondolewa, mtoeni na kwenye kompyuta aliyoiacha wazi.

*

Mimi ni mzee wa biashara ya kahawa, Masaka. Kompyuta zote ni zangu, nimezinunua kwa fedha yangu. Kijana aliyenipangia mtandao amenipa kusoma tu kwenye folda ya uzani na ya malipo ya wakulima. Nikimuuliza anasema ni kwa usalama. Usalama gani mimi nikatazwe mali yangu? (Mzee, Masaka)

Mzee wangu, nakuelewa, na huyo kijana alipaswa kukueleza kabla hajafanya. Hilo ni kosa lake na namwomba akusikilize. Lakini alichokifanya kina sababu nzuri, na nakuomba univumilie nikuoneshe.

Mwezi Mei 2017 programu ya kuteka faili iliyoitwa WannaCry ilienea duniani kwa siku chache. Ilipenya kwa njia ileile ya kushirikiana folda, toleo la kwanza la zamani la lugha ambayo kompyuta za Windows huzungumza zinapopeana faili (mafundi huliita SMBv1). Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu hilo mwezi Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakukiweka. Hiyo ilikuwa na uwezo wa kuruka yenyewe. Nyingi za siku hizi hazihitaji kuruka, mzee. Zinakuja kwenye barua pepe inayojifanya hati ya malipo, mtu anaifungua, na programu inafanya kazi kwa jina la aliyeifungua. Kila anachoweza kukiandika yeye, inaweza kukifunga. Kile anachokisoma tu, haiwezi kukifunga.

Sasa jiulize ni nani katika ofisi yako anayepokea barua pepe nyingi kutoka kwa watu asiowajua, wanunuzi, mawakala, benki. Ni wewe. Karani wa mizani anapokea chache. Ukiwa na ruhusa ya kuandika kila mahali, siku utakayofungua hati mbaya moja, uzani wa msimu mzima na madeni ya wakulima vitafungwa kwa jina lako. Ukiwa unasoma tu, utapoteza vya kwenye laptopu yako, na vitabu vya wakulima vitabaki.

Mamlaka yako hayajapungua hata kidogo. Mwambie kijana akuandalie jina la pili la kuingilia, lenye uwezo wa msimamizi, nenosiri lake liandikwe kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu yako, wala yeye asibaki na nakala. Siku unayotaka kubadilisha kitu, unalitoa, unafanya kazi, unalirudisha. Siku nyingine zote ingia kwa jina lako la kawaida, usome kila kitu. Na mwulize pia kama lile toleo la kwanza la zamani limezimwa kwenye kompyuta zako zote. Windows 10 mpya zilianza kuja bila hilo toleo mwishoni mwa 2017, lakini kompyuta ya zamani pale kwenye mizani huenda bado inalo.

*

Dada, sisi ni sacco ndogo hapa Lira. Seva yetu ni Linux yenye Samba, tulisaidiwa kuiweka. Matatizo mawili. Karani mmoja akiunda faili, wenzake wanaisoma lakini hawawezi kuiongezea kitu, ingawa wote wako kikundi kimoja. La pili linanitisha: karani ambaye hawezi kubadilisha stakabadhi ya mwenzake aliweza kuifuta! Inawezekanaje? (Katibu, Lira)

Inawezekana, na si hitilafu. Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell kule Canberra, Australia, mwaka 1992, inaifanya Linux iongee lugha ya Windows, lakini chini yake ruhusa za Linux zinabaki zilivyo. Maofisa bado ni wawili: mpangilio wa Samba mlangoni, na ruhusa za Linux ndani.

Tatizo la kwanza linatokana na Samba. Usipoiambia kitu, faili mpya inaipa namba 0744. Tarakimu ya 7 ni ya mwenye faili, anafanya yote. 4 inayofuata ni ya kikundi, wanasoma tu. Hicho ndicho mnachokiona. Kwenye mpangilio wa folda hiyo andikeni create mask = 0660 na directory mask = 2770. Kisha folda yenyewe ipewe 2770 kwa amri ya chmod. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili mpya iwe ya kikundi cha folda, isiwe ya kikundi binafsi cha aliyeiunda. Faili za zamani hazitabadilika zenyewe, itabidi mzipitie mara moja.

La pili. Katika Linux kufuta faili si kitendo juu ya faili. Folda ni kama daftari la mahudhurio, na kufuta ni kukata jina kwenye daftari. Mwenye ruhusa ya kuandika kwenye daftari anaweza kukata jina lolote, hata la mtu ambaye hana ruhusa ya kumgusa. Dawa yake ipo: tarakimu ya mbele ikiwa 3 badala ya 2, yaani 3770, anayeweza kufuta ni mwenye faili, mwenye folda, au msimamizi mkuu.

Lakini msiiweke kila mahali. Programu nyingi za kuandikia na za hesabu, unapobonyeza kuhifadhi, haziandiki juu ya faili ya zamani. Huandika mpya pembeni, hufuta ya zamani, kisha huipa mpya jina lile. Ukiweka 3770 kwenye folda ya hesabu mnayoshirikiana, karani wa pili atashindwa kuhifadhi na mtarudi kule mlikotoka. Gawanyeni: folda ya Kazi iwe na 2770, kwa majedwali mnayoyaandika pamoja. Folda ya Stakabadhi iwe na 3770, na create mask yake iwe 0640, ili kikundi kisome bila kubadilisha.

Mkimaliza msinipigie simu kuniambia iko sawa, ijaribuni kwanza, kwa majina ya makarani wenyewe na si la msimamizi, maana msimamizi mkuu wa Linux hakataliwi kitu. Karani wa kwanza aunde jedwali ndani ya Kazi, wa pili aongeze mstari ahifadhi. Kisha wa kwanza aweke stakabadhi ndani ya Stakabadhi, na wa tatu ajaribu kuifuta. Akikataliwa, mwambieni ajaribu kuibadilisha jina. Akikataliwa tena, fungeni seva mwende mkale chakula cha mchana.